Kuvunja mipira kwenye pool: si bahati, na wala si misuli

Ndugu yetu wa Watamu ameuliza mambo mawili. Kwanza, kwa nini akitazama mechi za wachezaji wa kulipwa anaona mmoja akichukua gemu tano sita mfululizo huku mwenzake amekaa kitini, fimbo mapajani. Pili, kama na yeye sasa aanze kuvunja, yaani kupiga lile pigo la kwanza linalotawanya mipira iliyopangwa, kwa nguvu zake zote. Mwishoni akaulizia na fimbo ya kuvunjia. Wengi waliotangulia kumjibu wamesema ni bahati, wengine wamesema ni misuli. Mimi sikubaliani na upande wowote. Nimecheza pool hapa Malindi tangu ujana, meza za Barani, za Maweni, na zile zilizowekwa chini ya makuti karibu na bahari. Kwa miaka mingi nimekuwa nikitazama mechi za mipira tisa usiku baada ya kazi, na pigo ninalolirudisha nyuma kulitazama tena ni lile la kuvunja. Naomba mnivumilie, jibu langu ni refu.

Tuanze na mchezo wenyewe, maana hapa kwetu tunacheza ule wa kugawana mipira na kumalizia na 8, na mantiki yake ni tofauti kidogo. Katika mipira tisa, kila ukipiga ni lazima mpira mweupe, ule unaopigwa kwa fimbo, uguse kwanza mpira wenye namba ndogo kuliko yote iliyobaki mezani. Ukiutia wa 9 kihalali, gemu ni yako. Basi unapovunja unahitaji vitu vitatu kwa pigo moja: mpira uingie shimoni ili zamu ibaki kwako, mweupe usimame mahali unapouona ule wenye namba ndogo, na mipira mingine itawanyike isishikane. Ukivipata vyote vitatu, na wewe ni mchezaji wa kiwango kile, mara nyingi mwenzako hatainuka kitini. Kikikosekana kimoja tu, mambo yanageuka. Mbaya kuliko yote ni kutawanya mipira vizuri halafu usitie hata mmoja, maana umemwandalia mwenzako meza nzima na kumwambia karibu.

Kwa kiwango cha juu, kutia mpira shimoni hakutofautishi watu sana. Wote wanatia. Wote wanajua kumficha mwenzao nyuma ya mpira na wote wanajua kujinasua. Kinachowatenganisha ni meza anayoanza nayo kila mmoja, na hiyo inatengenezwa na pigo la kwanza. Vijana wengi hapa wanasambaziana video za Efren Reyes wa Ufilipino akiupigisha mweupe kingo mbili tatu ili aguse mpira uliofichwa, na kweli ni ufundi wa kustaajabisha, mtu aliyeshinda ubingwa wa dunia Cardiff mwaka 1999 hakufika pale bure. Lakini mapigo yale ni ya kujiokoa. Gemu nyingi za wakubwa hazifiki huko kabisa, zinaamuliwa kabla.

Ushahidi ninaoupenda zaidi ni wa mwaka 2001, fainali ya US Open, shindano kubwa la mipira tisa la Marekani. Corey Deuel wa Marekani alimshinda Mika Immonen 11-0. Immonen si mchezaji wa kubahatisha, mwaka huo huo alikuwa bingwa wa dunia. Na Deuel hakuwa akivunja kwa kishindo. Alikuwa akivunja kwa upole, pigo la kipimo, mpira wa pembeni unaelekea shimo la kona, na mweupe haufanyi safari ndefu. Gemu baada ya gemu, mpangilio unaobaki unafanana.

Hilo linawezekanaje? Mipira tisa ikipangwa ikashikana barabara, kila mmoja unagusa jirani yake bila mwanya, pigo linapita ndani ya kundi kwa njia ile ile kila mara. Mipira miwili ya pembeni, kulia na kushoto, ina njia inayojulikana kuelekea mashimo ya kona. Ule wa mbele, ukiupigia kutoka upande wa meza badala ya katikati, unaweza kuelekezwa shimo la kati. Hakuna kubahatisha hapo. Pakiwa na mwanya mdogo tu, hata usioonekana kwa jicho ukiwa umesimama, njia hubadilika na yale yote uliyohesabu yanapotea. Ndiyo maana utawaona wakubwa wakiinama kuikagua mipira iliyopangwa kabla hawajashika chaki.

Anayedhani pigo la kuvunja halina uzito, atazame namna waandaaji walivyohangaika nalo. Waliposumbuliwa na mpira wa pembeni unaoingia kona kila mara, baadhi ya mashindano yalisogeza kundi zima mbele, ukawekwa mpira wa 9 kwenye alama ya kupangia badala ya wa 1. Njia ya mpira wa pembeni ikaharibika. Wachezaji wakahamia kwenye mpira wa 1 na shimo la kati. Waandaaji wakachora eneo dogo katikati ambamo mweupe lazima uwekwe, mtu asivunje tena kutoka ukingoni. Wakaongeza sharti kwamba mipira isiyopungua mitatu iingie shimoni au ivuke mstari wa upande wa mvunjaji, ili kuua mapigo laini. Kisha ugomvi wa nani apange mipira na kama amepanga kwa hila nao ukatafutiwa dawa: mahali pengine refa ndiye hupanga, pengine hutumika karatasi nyembamba ya plastiki yenye matundu inayoshikanisha mipira. Hata mchezo wa mipira kumi ulipata nguvu kwa sababu hiyo. Kundi lake ni gumu kulisoma, na 10 ukiingia kwa kuvunja haukupi ushindi, unarudishwa mezani. Ubingwa wa dunia wa mipira kumi ulichezwa kwa mara ya kwanza Manila mwaka 2008, akashinda Darren Appleton wa Uingereza. Sheria haziandikwi na kufutwa namna hiyo kwa ajili ya pigo la bahati nasibu.

Sasa nije kwenye hili la gemu tano mfululizo, maana ndipo watazamaji wanapochanganyikiwa. Kuna taratibu mbili: mshindi wa gemu ndiye avunje inayofuata, au wapokezane. Kwa utaratibu wa kwanza utaona mafuriko, 5-0, kisha 5-4. Kwa wa pili matokeo yanakwenda bega kwa bega. Watu husema basi utaratibu wa kwanza unampendelea mwenye kuvunja vizuri. Nami niliamini hivyo mpaka nilipokaa chini na karatasi.

Chukua Ali na Karisa, wa kwanza kufika gemu 9, na Ali ndiye anayeanza kuvunja. Wakipokezana, mechi ikivutana mpaka gemu ya 17, Ali atakuwa amevunja mara 9 na Karisa mara 8. Akivunja mshindi, Ali hawezi kuvunja zaidi ya mara 9, kwa kuwa kila anapovunja tena ni kwa sababu ameshinda gemu iliyopita, na akifikisha ushindi wa tisa mechi imekwisha. Karisa naye hawezi kupita mara 8, kwa sababu ni lazima kwanza ashinde gemu ndipo apewe kuvunja. Sasa fikiria matokeo ya zile 9 za Ali na zile 8 za Karisa yameandikwa kabla. Zichezwe kwa mpangilio wowote kati ya hii miwili, mwenye gemu 9 au zaidi kati ya hizo 17 ni yule yule. Wanahisabati walishalithibitisha jambo hili miaka ya 1970 kwa michezo ambayo anayeanza ana faida. Uwezekano wa kushinda mechi haubadiliki, kinachobadilika ni sura ya matokeo njiani.

Hesabu hiyo inachukulia kwamba kila gemu inasimama peke yake, haibebi maumivu ya iliyopita. Mtu wa nyama na damu hayuko hivyo. Ukikaa kitini gemu nne bila kugusa mpira, mkono unapoa, na ukiinuka unapewa mpira mgumu mmoja na unajua ukiukosa unarudi kukaa. Nimeyaona hayo hapa kwetu kwenye mashindano ya mtaani, kijana anayetia mipira vizuri sana akiharibu mpira rahisi kwa sababu tu amesubiri mno. Hapo utaratibu wa mshindi kuvunja unauma kweli. Lakini lawama usiiweke kwenye sheria. Uliza nani alivunja vizuri kuliko mwenzake. Wawili wakivunja sawa, faida zao zinafutana, inabaki ile ndogo ya aliyeanza, na ndiyo maana wakubwa hugombea kuanza kwa umakini mkubwa, kila mmoja akiupeleka mpira ukuta wa mbali urudi ukae karibu kabisa na ukingo wake.

Kuhusu nguvu. Ndiyo, wakubwa wanavunja kwa kasi, mweupe ukienda takriban kilomita 30 hadi 40 kwa saa. Shane Van Boening, aliyechukua US Open mwaka 2007, 2012, 2013, 2014 na 2016, kisha ubingwa wa dunia mwaka 2022, anajulikana kwa kuvunja kwa nguvu. Ila mtazame mweupe wake, usiitazame mipira inayokimbia. Anaupiga wa mbele katikati kabisa, mweupe unaruka nyuma kidogo na kutulia katikati ya meza. Nguvu ile inafaa kwa sababu inatua mahali palipokusudiwa. Ukiongeza kasi mara mbili, nishati inaongezeka mara nne, na kosa lako la milimita chache nalo linakua: mweupe unachepuka, unagonga ukingo, unazurura, mwisho unatumbukia. Kila mtu anayecheza Malindi amemwona mtu wa namna hiyo, meza inatikisika, watu wanashangilia, kisha mweupe unaingia shimoni na mpinzani wake anapewa mweupe mkononi, auweke mwenyewe kisha apige.

Na meza zetu zina mambo yake ambayo hutayaona kwenye mechi za kulipwa. Wao wanachezea meza ya futi 9, kitambaa kipya chembamba, ukumbi mkavu wenye kiyoyozi, mipira imeng'arishwa na kufutwa. Sisi tuna meza ndogo za kutumbukiza sarafu. Nyingi kati ya hizo zina mweupe mdogo kuliko mipira mingine, milimita 48 kwa 51, ili mashine iutambue na kuurudisha. Mweupe mwepesi ukigonga kundi zito moja kwa moja unarudi nyuma wenyewe, kwa hiyo ile mbinu ya kuupiga chini ya kitovu ambayo mnaiona kwenye video, hapa inaurudisha mpaka shimo la kona lililo nyuma yako. Upige katikati, au juu kidogo tu.

Halafu kuna unyevu. Wakati wa masika, upepo wa kusi ukiwa unavuma, kitambaa cha meza iliyo chini ya makuti kinanyonya maji ya hewani na chumvi. Mipira inakuwa mizito, haiendi mbali, kingo zinairudisha tofauti na ulivyozoea. Kaskazi ikiingia na jua likiwa kali, meza ile ile inakimbia. Anayevunja kwa nguvu ile ile mwaka mzima anajinyima. Mimi nikifika mezani nasukuma kwanza mpira mmoja taratibu kuona unafika wapi, ndipo najua leo navunja vipi.

Kitu kingine ni alama ya kupangia. Kwenye meza za zamani pale pameshachimbika kwa kugongwa miaka nenda miaka rudi, mpira wa mbele unalala ndani ya shimo dogo na kuachana na wenzake. Ukiona hivyo, omba mipira isukumwe kwa vidole kutoka nyuma mpaka ishikane, na kama haishikani, jua pigo laini halitakufaa siku hiyo.

Kwa hiyo ndugu yangu wa Watamu, usianze na nguvu zote. Panga mipira, vunja kwa kasi ambayo una hakika utagonga katikati, na kazi yako iwe moja: mweupe ukae katikati ya meza. Usihesabu mipira mingapi imeingia. Mweupe ukishakutii kwa kasi hiyo, ongeza kidogo. Ukiacha kukutii, rudi. Katika mchezo wetu wa 8 una nafuu moja: kwa sheria za kimataifa, hata ukitia mpira kwa kuvunja hujafungwa na kundi la mpira huo, unachagua baadaye. Basi tulia, zunguka meza, tazama kundi lipi lina mipira iliyokwama, ndipo uchague. Wengi wanavunja vizuri kisha wanakimbilia mpira wa karibu.

Na fimbo ya kuvunjia uliyoulizia mwishoni, ile yenye ncha ngumu: wakubwa wanayo kwa sababu ncha ngumu haipotezi nguvu na inaokoa ncha laini ya fimbo yao ya kuchezea. Kwenye meza za sarafu haitakupa kitu, maana mweupe ni mwepesi na meza ni fupi. Pesa hiyo nunua chaki nzuri na kitambaa cha kufutia mipira, na mwombe mwenye meza akuruhusu uifute kabla ya kuanza. Mipira michafu inashikana inapogongana na kuchepuka njia, na hapo ndipo kuvunja kwako kunapoharibika bila wewe kujua sababu.