Ubao wa chesi uweke kwenye biti 64, ila chunga sana farasi

Mkuu, umesema programu yako ya chesi ipo kwa C, ubao ni arei ya 8 kwa 8, na ni nzito balaa. Nimepita humo humo. Nilikuwa na geto Nyegezi, laptopu ya mtumba betri imekufa, naiambia ihesabu muvu zote za kina cha 6, yaani hatua 6 mbele za pande zote mbili, kuanzia mwanzo wa gemu, ni 119,060,324, umeme unakatika haijamaliza naanza upya. Kilichokuwa kinaila ni zile if, kila kete kila hatua inauliza nimetoka nje ya ubao au bado.

Kuna watakaokuambia 0x88, arei ya nafasi 128 nusu yake haina kitu, unapima mara moja kwa AND (kulinganisha biti kwa biti) unajua kete imetoka nje. Si mbaya. Ila mimi nakushauri biti. Ubao una vyumba 64 na prosesa za sasa zinabeba biti 64 kwa mpigo, kwa hiyo kila aina ya kete ipe namba yake ya biti 64, chumba chenye kete biti yake ni 1, aina 6 kwa rangi 2 ni namba 12, baiti 96 ubao mzima umeisha! Askari weupe unawasukuma biti 8 kushoto, unafanya AND na vyumba vitupu, wote wamesogea pamoja bila lupu. Na mbinu yenyewe ya zamani, Kaissa, programu ya Wasovieti iliyobeba ubingwa wa kwanza wa dunia wa kompyuta 1974 ilikuwa inatumia biti.

Sasa farasi. Vyumba nilivihesabu hivi, a1 ni 0, h1 ni 7, a2 ni 8, hivyo hivyo mpaka h8 ni 63. Kina cha 1 ikanipa muvu 21 wakati mweupe anazo 20 tu. Siku mbili nahangaika na askari wasio na kosa, mpaka nilipozichapisha moja moja nikaona a3 wanaenda farasi wawili, wa b1 sawa, ila wa g1 kafikaje? Farasi akienda mbili kulia na moja juu unajumlisha 10, g1 ni 6, 6 jumlisha 10 ni 16, na 16 ndiyo a3. Biti hazijui ukingo, ukitokea kulia unaibukia kushoto mstari wa juu. Dawa: kabla ya kusukuma 10 futa farasi walioko safu za g na h, kabla ya 17 futa wa h, kabla ya 15 futa wa a, kabla ya 6 futa wa a na b, kushuka pande zinageuka, 10 futa wa a na b, 17 wa a, 15 wa h, 6 wa g na h. Hesabu muvu za farasi wa kila chumba mara moja programu inapowaka, hifadhi kwenye jedwali la vyumba 64.

Halafu unapoweka biti ya chumba andika 1ULL, yaani 1 ya biti 64, usiandike 1 tupu, hiyo kwa kawaida ni biti 32 haifiki juu ya ubao. Na arei ya 64 ibaki pembeni ikuambie e5 kuna kete gani, Stockfish, programu maarufu ya chesi, nayo inaweka vyote viwili. Ngome na askofu anza na lupu tu, meji (mbinu ya kuzidisha namba ili kupata muvu zao moja kwa moja kwenye jedwali) utaziweka baadaye.

Kina cha 1 mpaka 4 lazima upate 20, 400, 8,902, 197,281. Zikikataa tupia hapa orodha ya muvu zako za kina cha 1 tuzipitie.