Uso uliosawijika: ni weusi au ni huzuni?

Swali: Shikamoo mwalimu. Natafsiri hadithi fupi kutoka Kiingereza. Kuna mama aliyefiwa na mumewe, na mwandishi anasema uso wake uliingia giza. Mimi niliandika "uso wake ukawa mweusi". Mwenzangu akafuta, akaweka "ukasawijika". Je, kusawijika ni sawa na kuhuzunika? Na naweza kusema anga limesawijika? (Mwanafunzi wa tafsiri, Mwanza)

Jibu: Marahaba. Mwenzako amekusaidia sana.

"Uso wake ukawa mweusi" haimpi msomaji wetu huzuni yoyote. Wengi wetu ni weusi, na mtu mweusi mwenye afya na raha ngozi yake hung'aa. Kinachomtoka akipatwa na jambo ni nuru. Kusawijika ndiko huko: uso kupoteza nuru yake, ukawa kama umepakwa majivu, iwe kwa huzuni, maradhi, njaa au suluba. Kinyume chake ni kunawiri, neno la shina moja na hiyo nuru. Ukiyaweka mawili haya pamoja, maana inakaa sawa.

Lakini si sawa na kuhuzunika. Kuhuzunika ni kwa ndani. Mtu huhuzunika na bado akawachekea wageni, usijue. Kusawijika huonwa na mwingine. Ndiyo maana ni nadra kumsikia mtu akisema "nimesawijika". Kwa kawaida huambiwa. Nilipokuwa mdogo jirani yetu alikaa eda, na mwezi wa tatu mama alimpelekea uji. Alimtazama pale mlangoni, bakuli bado mkononi, akasema, "Mbona umesawijika hivyo, mwanangu? Unakula kweli?" Hakumuuliza kama ana huzuni, hilo alilijua. Alichokiona ni huzuni iliyokwisha kuingia mwilini.

Badiliko hilo laweza kuja polepole, kama kwa jirani yetu, au papo hapo. Surat An-Nahl, aya ya 58, inamtaja mtu aliyepewa habari kwamba amezaliwa mtoto wa kike, na Kiarabu chake kinasema uso wake unakuwa mweusi. Ipo tafsiri ya Kiswahili iliyoandika kwamba uso wake husawijika. Naupenda uamuzi huo: weusi wa Kiarabu umebaki, ila umepita njia ambayo Mswahili anaijua.

Kuhusu anga, hapana. Mawingu hutanda, giza huingia, jioni huwa na utusitusi. Kusawijika kunataka uso, au mwili wa mtu.

Nikuonye na jambo ambalo hukuuliza, maana naliona kila wiki kwenye kazi za wanafunzi. Usikimbilie "moyo wake uliingia giza". Kanisani na msikitini, giza la moyo ni upotofu, mtu kuwa mbali na Mungu. Msomaji atadhani mama wa watu ameharibika tabia! Moyo wa aliyefiwa hujaa simanzi, au majonzi, na ukitaka neno zito la kishairi, jitimai. Giza letu la huzuni hukaa machoni na mbele ya mtu: aliona kiza, dunia ilimwia giza. Nayo sonona waachie madaktari, isipokuwa kama hadithi inazungumzia ugonjwa wenyewe.

Kwa matumizi, "amesawijika" na "uso uliosawijika" ndizo sura utakazozikuta zaidi. "Anasawijika" iweke pale unapotaka tuone siku zikipita na yeye akififia. Wapo pia wanaosema sawajika; usiwasahihishe.

Sentensi yako mimi ningeiandika hivi: "Ilipofika arubaini alikuwa amesawijika hata wifi yake, aliyetoka safari, akamtazama mara mbili ndipo akamwamkia."