Saa au dakika? Hatua ya muda katika programu za kuiga mfumo wa sola

Ndugu, umeuliza kama uachane na programu inayokokotoa saa kwa saa, kwa sababu muuzaji amekuambia kwamba majibu ya kuaminika ni ya dakika kwa dakika tu. Ninafunga sola Morogoro, ambako mawingu ya Uluguru hupita juu ya paneli mara nyingi kwa siku moja, na kwa uzoefu huo jibu langu linategemea unachotaka kuamua.

Ikiwa unatafuta uniti (kilowati-saa) ambazo paneli zitazalisha kwa mwaka, hesabu ya saa zote 8,760 za mwaka inatosha; PVsyst, programu maarufu ya kuiga mifumo ya sola, nayo hukokotoa kwa saa. Mambo hubadilika pale inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani, inapokuwa ndogo kuliko paneli, kama ulivyopanga wewe: paneli za kilowati 6, inveta ya kilowati 4. Chukua saa moja ambayo nusu yake ina jua kali, paneli zikitoa kilowati 6, na nusu nyingine ina wingu, zikitoa 2. Wastani wake ni 4, kwa hiyo programu itaona kwamba inveta imepitisha uniti zote 4, ilhali nusu saa ya jua iligota kwenye kilowati 4 (uniti 2) na nusu saa ya wingu ikapitisha kilowati 2 (uniti 1), jumla uniti 3. Iliyobaki imepotea, isipokuwa kama ziada hiyo ina betri ya kuingia kabla ya kufika kwenye inveta.

Upande wa matumizi, ambao wengi huupuuza, wastani hudanganya zaidi. Birika la kilowati 2 likichemka kwa dakika 6 asubuhi hutumia uniti 0.2, na programu ya saa italiona kama mzigo wa wati 200. Paneli zikiwa zinatoa wati 500 wakati huo, itahitimisha kwamba betri haikuguswa, wakati robo tatu ya umeme wa birika hilo imetoka kwenye betri.

Programu nyingine kama SAM na HOMER hukubali hatua fupi hadi ya dakika 1, lakini programu haiwezi kuona kisichokuwamo kwenye data. PVGIS, huduma ya mtandaoni ya data za jua, hutoa takwimu za saa. Ukiigawanya saa hiyo vipande 60 utapata dakika laini zisizo na wingu hata moja. CAMS, huduma nyingine ya data za jua, hutoa takwimu za dakika, ila habari zake za mawingu zinatokana na picha za satelaiti ya Meteosat zinazopigwa kila baada ya dakika 15. Ndiyo maana ningekushauri uanze na matumizi: funga kipimo kinachorekodi kila dakika kwenye waya mkuu wa nyumba kwa wiki moja au mbili, siku ya kupiga pasi ikiwamo.

Kuhusu mota ya pampu uliyoitaja, hata hatua ya dakika haitakusaidia, kwa kuwa mkupuo wa kuwaka hudumu sekunde chache na unaweza kuwa mara kadhaa ya nguvu yake ya kawaida. Hapo soma karatasi ya inveta uone inavumilia kiasi gani na kwa sekunde ngapi. Tena, data za PVGIS zimeandikwa kwa saa za UTC, saa za kimataifa zilizo nyuma ya zetu kwa saa 3: ukiona kilele cha jua karibu na 09:00, usogeze mbele saa 3 kabla ya kuziunganisha na vipimo vya nyumbani.