Namba mbili kahamishiwa namba tatu: afanyeje na mguu wa kushoto?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina miaka 19, nacheza timu ya mtaa hapa Morogoro. Nimezoea beki ya kulia, namba mbili. Msimu huu namba tatu wetu kaumia goti, kocha kanihamishia kushoto. Kukaba sina shida. Shida ni nikipanda: krosi ya mguu wa kushoto ama inapaa na kuishia nyuma ya goli, ama inachota vumbi na kumfikia beki wa kwanza. Matokeo yake nakata ndani kila mara, na mawinga wa huku wameshanijua. Rafiki yangu ananishauri mazoezini nivae kiatu cha kushoto tu, kulia nibaki peku, ili nijilazimishe. Jumamosi nilipiga krosi kama 200 za kushoto, Jumapili nikaamka nyonga inauma. Je, kwa umri huu mguu bado unafundishika? Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Umri tuumalize kwanza: hujachelewa. Mwaka 2003 watafiti wawili wa Norwei walichapisha matokeo ya jaribio la wachezaji 39 wa miaka 15 hadi 21, vijana wa timu za mashindano kama wewe. Kwa wiki nane kundi moja lilifanya mazoezi yake ya kawaida, ila kila kitu isipokuwa mechi kilifanywa kwa mguu ule wasioupenda. Mguu huo uliimarika, kama ambavyo ungetegemea. Cha kufurahisha zaidi ni kwamba hata mguu wao mzuri ulipanda kiwango. Mmoja wa watafiti hao anaitwa Haaland, lakini si huyu wa Manchester City.

Sasa tuje kwenye krosi. Umeniandikia kuhusu mguu wa kushoto mwanzo mpaka mwisho, wa kulia umeutaja kwa habari ya kiatu tu. Mimi naushuku huo wa kulia.

Tangu uanze kucheza, miguu yako imegawana kazi: wa kulia unapiga, wa kushoto unasimamia. Mguu wako wa kushoto si mjinga hata kidogo, ni fundi wa kusimama. Umebeba mwili wako mzima kwenye maelfu ya mashuti. Unapogeuza, miguu yote miwili inapewa kazi ngeni kwa wakati mmoja. Ila sote tunautazama unaopiga, kwa kuwa ndio unaogusa mpira, na lawama zinaangukia huko.

Nakupa mfano. Kuna winga mmoja niliyekuwa namnoa kwenye uwanja wa mchanga, kijana wa kulia kama wewe, shida yake ndiyo hiyo hiyo. Jioni moja nikamwambia avue viatu, apige mpira uliotulia, kisha asiondoke. Tukainama tukasoma nyayo. Alipopiga kwa kulia, unyayo wa kushoto ulikuwa umelala wote mchangani, pembeni ya pale mpira ulipokuwa, umbali wa shibiri moja hivi, vidole vikitazama alikotaka mpira uende. Alipopiga kwa kushoto, unyayo wa kulia ulikuwa nyuma ya mpira karibu hatua nzima. Kisigino kilikuwa kimechimba kashimo, vidole havikuacha alama yoyote.

Kashimo kale ndiko kanaeleza kila kitu. Ukitua na kisigino nyuma ya mpira, mwili unaegemea nyuma, na mguu unaopiga unaufikia mpira wakati umeshaanza kupanda juu. Unaupiga kwa chini, unapaa. Siku nyingine mwili unastuka, unajaribu kusahihisha, mguu unagonga ardhi kabla ya mpira: hapo ndipo unapochota vumbi. Makosa yako mawili ni kosa moja.

Nikavua kandambili yangu moja nikaiweka pale mguu wake wa kulia ulipopaswa kutua, pembeni ya mpira, nikamwambia aikanyage, asiwaze kingine. Mipira mitatu ya kwanza ilikuwa mibovu. Wa nne ulikuwa mbovu pia, ila ubovu wake ulikuwa mwingine: haukupaa, ulitambaa mpaka ndani ya boksi. Nilifurahi kuliko yeye. Uwanja wenu una vumbi, kwa hiyo ubao wa kusomea unao tayari, na kandambili naamini haikosekani.

Ukishapata mahali pa kutua, tazama vidole vya mguu huo wa kulia vinaelekea wapi. Beki anayekimbia pembeni ya mstari huwa anatua vidole vikielekea kule anakokimbilia, yaani kwenye kibendera cha kona. Nyonga inajifunga, mguu wa kushoto unakosa njia ya kuzunguka, na mpira unatoka nje kwa nyuma ya goli. Hatua ya mwisho kabla ya kupiga inatakiwa igeuke kidogo kuelekea kwenye boksi. Si lazima vidole vitazame goli lenyewe, hata nusu ya njia inatosha, nyonga itamalizia. Mkono wa kulia utanuke uende pembeni. Unapopiga kwa kulia, mkono wa kushoto hufanya hivyo bila kuambiwa, lakini wa kulia, ukipewa zamu, hubaki umening'inia kama wa mtu anayesubiri daladala.

Kama una simu, mwambie mwenzako akurekodi kwa nyuma ukipiga kwa kulia kwanza. Angalia hatua ngapi unakuja nazo, mkono unakwenda wapi, kichwa kiko wapi. Halafu iga kwa upande wa pili, kama unajitazama kwenye kioo. Mwalimu mzuri wa mguu wako wa kushoto ni mguu wako wa kulia.

Kwa sababu hiyo sikubaliani na rafiki yako wa kiatu kimoja. Nia yake ni njema, na ushauri huo nimeusikia tangu nikiwa mdogo. Lakini ukiwa peku kulia na njumu kushoto, mguu unaousaidia ni ule unaopiga, na unaounyima mshiko ni ule wa kusimamia, ambao ndio mgonjwa. Tena kimo kinatofautiana, nyonga inapinda. Vaa viatu vyote au vua vyote. Wapo pia wanaosema piga mswaki kwa mkono wa kushoto ili ubongo uzoee. Mkono utakaotumia ni juu yako, ila piga mswaki ukiwa umesimama kwa mguu wa kulia peke yake, goti limekunjwa kidogo. Ukiona ni rahisi, fumba macho.

Kuna jambo hukuniuliza, nalo kwa namba tatu naliona kubwa kuliko krosi. Watazamaji wanaona krosi. Kocha anaona unavyopokea mpira. Beki wa kati anakupigia pasi, winga wao anakujia kutoka ndani ya uwanja. Ukituliza kwa kulia, mpira unakaa upande wa adui, nawe unajikuta umetazama mstari, huna pa kwenda zaidi ya kurudisha nyuma. Ukituliza kwa kushoto, mpira uko upande wa mstari, mwili wako uko katikati, na pasi ya kumpenyezea winga wako mbele ipo wazi. Hicho kitendo utakifanya mara nyingi sana kwa mechi moja, krosi huenda ukapiga tatu. Kwa hiyo mazoezi yako yaanzie hapo, krosi ije baadaye.

Tafuta ukuta. Simama hatua tano, piga pasi kwa ndani ya mguu wa kushoto, tuliza kwa kushoto, piga tena. Kaza kifundo, vidole vinyanyuke kidogo, mguu usilegee kama kitambaa. Miguso miwili kwanza. Ukiona mpira unarudi bila kukukimbia, punguza uwe mguso mmoja. Kisha geuza mwili: pokea ukiwa ubavu, ukiufungua mpira uende mbele yako kwa mguso wa kwanza wa kushoto. Dakika 15, si zaidi, na zifanye mwanzoni mwa mazoezi ukiwa na nguvu. Wengi huuachia mguu dhaifu dakika za mwisho, miguu imeshachoka, kisha wanashangaa. Siku tano za dakika 15 zinaishinda kwa mbali ile Jumamosi yako ya krosi 200. Mwendo mpya unakaa mwilini kwa kurudiwa kidogo kidogo, ukilala unatulia, kesho unaamka nao.

Danadana za kushoto nazo zinasaidia kuuzoea mpira, ila usizipe muda mwingi. Nimeona vijana wanapiga danadana 100 kwa kushoto na bado hawawezi kupiga pasi ya mita 15.

Wiki ya tatu ingiza krosi. Mpira uliosimama na kandambili kwanza, kama 10. Halafu mpira unaotembea taratibu, ukiusukuma mwenyewe kwa kushoto hatua moja mbele na pembeni, kisha unapiga. Mguso huo wa maandalizi nao uwe wa kushoto. Ukiuandaa kwa kulia, mpira unabaki chini ya miguu yako na hatua hazipangiki. Gusa kwa pale ndani, mfupa wa kidole gumba unapoanzia na kamba za kiatu zinapoishia. Usitafute nguvu. Krosi ya chini inayopita kati ya beki na kipa inaumiza zaidi kuliko ile ndefu inayopendeza ikiwa hewani. Jumla isizidi mipira 30 kwa siku, na siku mbili au tatu kwa wiki zinatosha.

Halafu usijidai utakuwa na miguu miwili sawasawa. Watafiti waliwahi kuhesabu miguso ya wachezaji kwenye Kombe la Dunia la 1998 kule Ufaransa, wakakuta hata pale wengi walitumia mguu wao mmoja karibu muda wote. Lakini walipolazimika kutumia ule mwingine, walifanikiwa kwa kiwango kinachokaribiana na mguu wa kawaida. Mguu wa pili si lazima uwe wa maonyesho, ukiitwa, uitike. Andreas Brehme ni habari nyingine, mtu wa ajabu yule: beki wa kushoto wa Ujerumani Magharibi aliyepiga penalti kwa mguu wa kushoto dhidi ya Mexico mwaka 1986, na miaka minne baadaye, fainali ya Roma dhidi ya Argentina, akaipiga kwa kulia na kutwaa kombe. Huyo muache alivyo.

Wa kuwatazama wewe ni Paolo Maldini na Philipp Lahm. Wote wawili ni wa mguu wa kulia, na wote walicheza beki ya kushoto kwenye kiwango cha juu kabisa. Tafuta goli la kwanza la Kombe la Dunia la 2006, Ujerumani na Costa Rica, mjini Munich, dakika ya sita. Lahm anatokea kushoto, anakata ndani, anazungusha kwa kulia hadi kona ya mbali. Ndicho unachofanya wewe kila siku, sivyo? Hicho usikiache. Kinachokosekana kwako ni winga kuwa na shaka. Krosi mbili za kushoto za maana kipindi cha kwanza, hata zisipozaa goli, zitamfanya kipindi cha pili asikufungie njia ya ndani mapema, na hapo kukata ndani kunakuwa silaha tena.

Kwenye mechi usisubiri krosi ndiyo iwe mpira wako wa kwanza wa kushoto. Dakika tano za mwanzo, mpira wowote rahisi, ule wa kurudisha kwa beki wa kati au wa kumpa kiungo aliye huru, upige kwa kushoto makusudi. Mwambie kocha wako mapema unachofanya, asije akadhani umelewa.

Nyonga sasa. Krosi 200 kwa mguu usiozoea ni mzigo mkubwa kwa misuli ya ndani ya paja na ya kinena, na misuli hiyo ikishachanika inachukua muda mrefu kupona. Wiki hii usipige mpira mrefu kabisa. Kila siku kabla ya mazoezi lala chali, kunja magoti, weka mpira katikati ya magoti, ubane taratibu ukihesabu mpaka tano, uachie. Rudia mara 10. Ni zoezi la kujenga na ni kipimo pia. Ukibana na kusikia maumivu, siku hiyo hakuna krosi, ni ukuta na pasi fupi tu. Maumivu yakizidi wiki mbili, au ukihisi kuchomwa unapokohoa, nenda hospitali ukamwone mtaalamu wa viungo, na usikubali kuchuliwa na mtu wa pembeni ya uwanja.