ADHD chuoni, kazini na katika ndoa: jibu kwa mdogo wangu wa mwaka wa pili

Mdogo wangu, umeeleza kwamba daktari amethibitisha una ADHD, yaani hali ya ubongo inayofanya iwe vigumu kuelekeza umakini, ukiwa mwaka wa pili chuoni, kwamba sekondari ulifaulu vizuri lakini sasa unarudia masomo mawili, na kwamba nyumbani wanasema umeharibiwa na uhuru. Umeuliza kama utamaliza shahada, kama yupo mwajiri atakayekuvumilia, na kama umwambie mchumba wako. Nina miaka 38, ni afisa ugavi hapa Dar es Salaam, nimeolewa na nina watoto wawili, nami nilithibitishiwa hali hiyo nikiwa na miaka 31, kwa hiyo nakujibu kwa yale niliyoyapitia.

Nianze na hilo la kufaulu sekondari, maana ndilo linalowafanya wazazi wako wasikuamini. Mimi pia nilisoma shule ya bweni. Kengele ililia alfajiri, prepo ilianza saa moja usiku, mwalimu wa zamu alipita kati ya madawati, na kila upande kulikuwa na wenzangu walioinamia madaftari yao. Sikuhitaji kuamua lini nianze kusoma, kwa sababu shule nzima ilikuwa imekwisha kuniamulia. Nilipofika chuo kengele ikatoweka, na mimi nikaporomoka, ingawa nilikuwa na akili ileile na nia ileile. Mwenye ADHD umakini anao, na pengine anaweza kuzama katika jambo moja hadi akasahau kula. Kinachomshinda ni kuuelekeza anakotaka, na hasa kuanza kazi ambayo matunda yake yako mbali. Hukuharibiwa na uhuru. Uliondolewa nguzo ambazo hukujua kwamba unaziegemea, na dawa yake ni kuzijenga upya kwa makusudi. Tafuta wenzako wawili wa diskasheni mkutane saa ileile kila jioni, hata kama kila mmoja anasoma somo lake kimyakimya, kwa kuwa kuwepo kwa mtu anayefanya kazi pembeni yako kunasaidia kuliko unavyodhani. Mimi nilimaliza chuo kwa sababu niliyekaa naye chumba kimoja alikubali nimfuate maktaba kila alipokwenda.

Usikubali mtu akuambie kwamba hali hii ni mtindo wa siku hizi. Mwongozo wa uchunguzi wa madaktari wa akili wa Marekani uliotoka mwaka 2013, ambao hutumiwa katika nchi nyingi, unataka dalili kadhaa ziwe zilionekana kabla ya umri wa miaka 12, zijitokeze katika mazingira yasiyopungua mawili, kama nyumbani na shuleni, na ziwe zinaathiri maisha kwa kweli. Ndiyo maana daktari wangu, baada ya kuhakikisha kwamba sisumbuliwi na sonona, wasiwasi, ukosefu wa usingizi wala tezi ya shingo, aliniomba ripoti zangu za shule ya msingi. Mama alikuwa amezihifadhi kwenye sanduku chini ya kitanda, na karibu kila muhula mwalimu aliandika kwamba nina uwezo ila sijitumi. Sikuwa mtukutu, nilikaa nikitazama dirishani, na msichana aliyetulia hivyo hapelekwi kwa daktari. Mama aliposikia maelezo alisema tu kuwa mimi ni baba yangu mtupu, na hapo alikuwa amegusa ukweli, kwa kuwa hali hii hurithiwa kwa kiasi kikubwa.

Kuhusu kazi, adui yangu mkubwa ni saa. Kwangu kuna nyakati mbili tu, sasa na baadaye, na zabuni inayofungwa wiki ijayo inakaa pamoja na ile ya mwaka kesho mpaka asubuhi ya siku yenyewe. Tena sisi tuna mzigo wa ziada ambao vitabu vya wenzetu havitauzungumzia: tunasema saa nne na simu inaandika 10:00. Katika mwaka wangu wa kwanza kazini nilisoma 10:00 kwenye barua ya mwaliko, kichwani nikabaki na kumi, nikafika saa kumi alasiri kwenye kikao kilichokuwa kimemalizika tangu mchana. Nililia njiani kurudi. Tangu siku hiyo kila miadi naiandika kwa maneno, pamoja na asubuhi, mchana au jioni, na ninaweka kengele ya kuondoka, si ya kufika, kwa sababu kati ya Kimara na Posta kuna foleni ambayo haijali nia njema. Mezani nina saa ya mishale, kwa kuwa naona jinsi muda unavyopungua, jambo ambalo tarakimu hazinionyeshi.

Agizo la mdomo, hasa lile linalotolewa kwenye korido, ninalijibu hapohapo kwa ujumbe mfupi: "Nimeelewa kwamba unahitaji bei za wazabuni watatu kufikia Alhamisi mchana, naomba unirekebishe kama sivyo." Mkuu wangu wa sasa anauona huo kuwa umakini wa kupigiwa mfano. Sikumtajia ugonjwa wowote. Nilimwomba tu kazi kubwa aniulizie kila Jumatatu badala ya kusubiri mwisho wa mwezi. Wapo waajiri wa kuelezwa kila kitu na wapo wasiofaa kuelezwa, nawe utawapima. Kama unaweza, chagua kazi yenye tarehe za karibu na watu wanaokusubiri.

Dawa nilitumia, na zilinisaidia. Methylphenidate, mojawapo ya dawa za hali hii, ile ya kawaida isiyotolewa polepole mwilini, hufanya kazi kwa saa chache tu, inaweza kukata hamu ya kula na kuchelewesha usingizi, na daktari hupima shinikizo la damu na mapigo ya moyo. Usichukue kidonge cha rafiki hata siku moja. Dawa ilinisaidia kuanza. Cha kuanza nilipaswa kukiandika mwenyewe jana yake usiku.

Sasa ndoa, ambako niliumiza watu zaidi ya mahali pengine popote. Mume wangu alikuwa akinieleza jambo zito, nami naitikia, kisha kesho yake sikumbuki hata alianzia wapi. Siku moja nilimwacha mtoto shule ya awali mpaka giza likaanza kuingia. Mchango wa mchezo niliuchelewesha mara mbili, na kijumbe, ambaye ni jirani yangu, akaacha kunisalimia. Mtu anayesahauliwa haoni ubongo wako. Anaona kwamba hana thamani kwako, na ana haki ya kuumia. Nilijifunza kuomba radhi bila kutanguliza ADHD, kisha kubadilisha mpango mbele ya macho yake: mchango unatoka siku ileile mshahara unapoingia, ratiba ya kuwachukua watoto iko kwenye mlango wa jokofu, na mazungumzo mazito tunayafanya televisheni ikiwa imezimwa, nami ninayarudia kwa ufupi ili ajue yamefika. Hasira zikinipanda ninaomba dakika 20 na ninarudi kweli. Jambo moja nililikataa, na alilikubali kwa shida: asiwe mlezi wangu. Alikuwa ameanza kunikumbusha kila kitu kama mtoto, na mapenzi yalikuwa yanakauka pande zote mbili.

Mimi nilimwambia mume wangu baada ya miaka minne ya ndoa, kwa sababu hata mimi sikujua. Wewe unajua. Mwambie mchumba wako kabla ya barua ya posa, mkiwa wawili bila mshenga, na umpe mifano ya mambo ambayo ameshayaona kwako, kama siku ulizomchelewesha na simu ulizosahau kurudisha, kisha umwonyeshe unayoyafanya kuyarekebisha. Mpe siku kadhaa za kufikiri kabla ya kumwuliza jibu.