Kulala bure kandokando ya ziwa: hema likae wapi, maji yatoke wapi

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Tuko vijana sita wa hapa Tabata. Julai tunataka kwenda Matema, Ziwa Nyasa, tulale siku tatu ufukweni kwenye mahema yetu bila kulipia hoteli wala kambi. Nimesoma kwamba Marekani watu hulala bure kwenye ardhi ya umma. Kwetu inaruhusiwa? Na pasipo bomba wala choo tujipangeje?

JIBU: Ndugu msomaji, tuanze na ruhusa. Marekani jambo hilo lipo: sehemu kubwa ya ardhi ya umma inaruhusu kupiga hema bure, mara nyingi kwa siku zisizozidi 14, mradi ujitegemee kwa kila kitu. Kwetu hifadhi za taifa za ziwani, kama Rubondo na Saanane katika Ziwa Victoria au Gombe na Mahale kule Tanganyika, zina kiingilio na tozo ya kulala hata ukija na hema lako. Bure mtaitafuta kwenye ardhi ya kijiji, ambayo kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 iko chini ya halmashauri ya kijiji. Ufukwe mnaoukuta mtupu una wenyewe: huenda ni mwalo wa wavuvi, au watu huanika usipa hapo asubuhi.

Kabla ya safari, chukueni barua ya utambulisho kutoka ofisi ya serikali ya mtaa wenu, iwe na majina yote sita na tarehe za kwenda na kurudi. Kila mtu abebe kitambulisho chake. Safari ya Dar hadi Kyela ni ndefu, kwa hiyo laleni Kyela mjini na mwingie Matema asubuhi. Kutafuta mwenyeji na kupiga hema gizani ndiko kunakoleta matatizo mengi. Mkifika, nendeni kwa mtendaji wa kijiji kabla ya kushusha mizigo, na mumuulize mambo matatu: eneo hili ni la nani, viboko hupita wapi, na mamba wameonekana wapi. Mkiombwa mchango wa kijiji, lipeni na mpewe risiti. Mkikataliwa, ondokeni kwa heshima.

Sasa pa kupiga hema, na hapa naomba msifanye haraka. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Hema la siku tatu si la kudumu, lakini mita 60 ni kipimo kizuri kwa kila mtakachofanya: kulala, kufua, kuosha vyombo na kujisaidia. Ni kama hatua 85 za mtu mzima.

Kiboko hutoka majini usiku kwenda kula majani na hurudi kabla ya kupambazuka. Akishtuka hukimbilia majini moja kwa moja, na hema lililo katikati halimzungushi. Njia yake mtaitambua: ni pana, ina mifereji miwili sambamba yenye tuta katikati. Mkiona njia hiyo, hamieni mbali nayo. Vilevile epukeni matete na mahali mto unapoingilia ziwani.

Julai ni majira ya kusi. Upepo huo hutembea urefu wote wa ziwa kutoka kusini, na Matema iko kwenye ncha ya kaskazini, hivyo mawimbi hufika hapo yakiwa yameshapata nguvu. Tafuteni mstari wa majani makavu na vijiti uliotupwa na mawimbi, kisha mpande juu yake. Mlango wa hema uupe mgongo upepo.

Vigingi vya kawaida havishiki kwenye mchanga mkavu. Jazeni kiroba kidogo mchanga wa kilo tano hivi, fungeni kamba katikati yake, na mkifukie kwa kina cha sentimita 40. Kamba itoke kwa mshazari kuelekea hema. Fanyeni hivyo kwa kila kona, na mkiondoka mwageni mchanga na mrudi na viroba. Turubai la chini lisizidi sakafu ya hema. Kingo zikichomoza nje zitakinga mvua na kuipeleka chini yenu, kwa hiyo zikunjeni ndani.

Maji ya kunywa na kupikia hesabuni lita tano kwa mtu kwa siku. Kwa watu sita ni lita 30, yaani dumu moja na nusu la lita 20. Kama kijiji kina bomba, chukueni huko. Mkilazimika kutumia ya ziwa, choteni mchana, mahali peupe penye mawimbi. Chemsheni mpaka yatokote kwa nguvu kwa dakika moja kamili. Kuchuja kwa kitambaa huondoa tope tu, vijidudu hubaki.

Kichocho nacho kipo katika maziwa yetu yote makubwa. Vimelea vyake hutoka kwa konokono wa majini na hupenya ngozi, kwa hiyo hata kuoga kunatosha kuambukiza. Maji ya kuoga yakikaa saa 48 kwenye dumu lililofunikwa, bila konokono ndani, vimelea hivyo hufa. Kwa safari fupi kama yenu ni rahisi zaidi kuyapasha moto hadi nyuzi 50 kwa dakika tano, halafu yapoe. Kujifuta taulo haraka baada ya kuogelea si kinga ya kutegemea.

Choo: ombeni kwanza cha wenyeji, ndiyo suluhisho bora. Kikikosekana, kila mtu achimbe shimo lake la sentimita 15 hadi 20, nje ya zile mita 60 na mbali na visima, kisha alifukie. Mkichimba mkakuta unyevu, hameni, kwa sababu karibu na ziwa maji ya ardhini yako juu na uchafu utayafikia. Taka zote rudini nazo kwenye viroba. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku tangu Juni 1, 2019.

Mtungi wa gesi msipande nao basi. Mkaa nunueni Kyela. Jiko la mkaa lisiingie ndani ya hema hata likibaki na makaa machache, hata mvua ikinyesha: hutoa hewa ya monoksidi ya kaboni isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala haamki. Makaa yamwagieni maji, koroga, mwagieni tena.

Jua likizama fungeni wavu wa hema, maana mbu wa malaria huuma usiku. Mkirudi Dar, mwenye homa apime malaria siku hiyohiyo. Aliyeingia ziwani aende kituo cha afya baada ya wiki sita hadi nane kupimwa kichocho, hata kama hana dalili. Dawa yake, prazikwanteli, haiui vizuri minyoo michanga, ndiyo maana kuinywa mapema sana hakusaidii.