Joto peke yake huua popo

Umeuliza kama joto tu, bila ugonjwa wala sumu, linaweza kuua popo wengi kwa mara moja. Linaweza, na limeshafanya hivyo. Novemba 2018, katika eneo la Cairns kaskazini mwa Australia, joto lilipita nyuzi 42 na popo wapatao 23,000 wa spishi moja wakafa ndani ya siku mbili. Hiyo ni karibu theluthi ya popo wote wa aina hiyo nchini humo.

Wanaoumia sana ni popo wakubwa wala matunda, maana mchana hulala wakining'inia kwenye matawi, si pangoni. Joto likizidi huanza kujipepea kwa mabawa, kisha husogea kivulini, huhema kwa kasi, na mwisho hujipaka mate mwilini ili yakikauka yawapoze. Yote hayo yanakula maji ya mwili. Maji yakiisha, huanguka. Watoto na majike ndio hufa kwa wingi zaidi.

Kinachoniumiza ni uzazi wao: jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka. Mchana mmoja wa joto unameza uzazi wa miaka mingi, na miti inayowategemea kwa uchavushaji na kusambaza mbegu nayo inapungukiwa.

Ukimkuta aliyeanguka, tafadhali usimshike kwa mikono mitupu, kwani anaweza kuwa na virusi hatari. Waite waokoaji wa wanyamapori.